Jiwe Linalochelewesha Jua

Katika vilima vya Kirumba jiwe hupasuliwa kwa moto. Wapasuaji hurundika kuni juu ya mwamba, au matairi chakavu ambayo moshi wake hatuupendi, wakawasha na kungoja. Sehemu ya juu ya itale hutanuka huku ya ndani ingali baridi. Haziwezi kwenda pamoja, basi mwamba huachia bamba zima. Nyundo na mtaimbo humalizia.

Uzembe huo wa jiwe katika kupokea joto ndio anaoutumia fundi ukutani. Mtazame akipanga. Analiangalia jiwe, analilaza kwa upande wake bapa, analigonga, likicheza, analing'oa. Kila baada ya mawe kadhaa hutafuta moja refu la kuvuka unene wote, ukuta usije ukaachana katikati ukawa kuta mbili. Pimamaji anaitumia, lakini jicho limeshatangulia.

Ukuta wa namna hiyo wenye sentimita 40 ukipigwa na jua la saa saba mchana, joto lake hufika ndani baada ya saa nane hivi, na likifika limeshadhoofika. Ni saa tatu usiku, nje kumepoa. Ukifungua madirisha, mawe yanajipoza yaingoje kesho. Bloku ya inchi sita huchelewesha kwa nusu tu ya muda huo. Joto linaingia saa kumi na moja jioni, pamoja na baba anayerudi kazini.

Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga kuta za matumbawe na chokaa zinazokaribia nusu mita. Wao iliwabidi wayachimbe matumbawe. Sisi mlima uko nyuma ya choo. Hata hivyo, Kirumba jiwe huishia kwenye msingi. Kwenye mteremko msingi huo hufika kimo cha mtu, kazi ya kutamanisha, kisha juu yake zinapandishwa bloku kwa sababu ni za haraka. Ubaridi wote unabaki chini ya sakafu, na watoto wanaujua: mchana wanalala chini, si kitandani.

Bati nalo halitunzi kitu. Jua likiligusa, chumba kimepata habari. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aanze na dari. Akibakiwa na chochote, amwachie fundi wa mawe ukuta wa magharibi tu, unaokula jua la alasiri, aupandishe hadi kwenye linta.