Toleo Jipya Lipande Ufipa Mara Moja

Tarehe 17 Juni 2008 Mozilla ilitoa Firefox 3 na kuwaomba watu duniani kote waipakue siku hiyo hiyo. Saa za mwanzo tovuti zake zililemewa, na wengi hawakuweza hata kuufungua ukurasa. Lakini saa 24 zilipotimia programu ilikuwa imepakuliwa mara 8,002,530, idadi iliyotambuliwa na Guinness kuwa rekodi ya dunia. Iliwezekana kwa sababu faili lenyewe halikukaa mahali pamoja. Nakala zake zilikuwa kwenye seva za taasisi zilizojitolea katika nchi mbalimbali, na kila aliyebofya alielekezwa kwenye mojawapo. Foleni ilijipanga pale penye mlango mwembamba, yaani kwenye tovuti ya kuingilia.

Kwa mji wa Sumbawanga, huku Ufipa, mlango huo umehama. Kampuni kubwa za programu sasa husambaza matoleo yao kupitia seva zilizotapakaa duniani, na ni nadra zilemewe zote. Msongamano uko kwenye laini inayoingia shuleni au ofisini. Chukua darasa lenye kompyuta 20, kila moja ikihitaji sasisho la GB 1, kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde. Kila kompyuta ikijichukulia yake, GB 20 zitahitaji zaidi ya saa nne, hata kama hakuna mwingine anayeitumia laini. Sasisho likiingia mara moja na kuhifadhiwa kwenye mashine iliyo humo humo, laini inashughulika kwa takriban dakika 13. Kinachobaki ni kugawana kwa waya wa ndani ya jengo. Tena, huu ni mji uliotegemea kwa miaka mingi umeme kutoka Zambia na majenereta. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kuanza upya kutoka kwenye hifadhi ya jirani hakugharimu bando.

Atakayesema dawa ni Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ana hoja, kwa kuwa mkongo umeshafika Sumbawanga. Lakini ukitoka mjini kwenda Laela, Matai au Namanyere, wengi wanategemea minara ya simu na bando linalohesabiwa kwa MB. Laini pana hupunguza muda wa kungoja. Haimfutii mtu gharama ya kununua faili lile lile mara ishirini.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama: nakala iliyopita mikononi mwa watu itaaminikaje? Swali hili lina uzito, maana watu tayari wanarushiana programu kwa Xender, ya kutumiana faili kati ya simu, na kwa flashi. Jibu ni kwamba uaminifu hautokani na njia iliyopitiwa, unatokana na sahihi ya kidijiti. Android haikubali sasisho ambalo halikutiwa sahihi kwa ufunguo ule ule wa programu iliyomo kwenye simu. Hatari iko kwenye usakinishaji wa kwanza, pale ambapo simu haina cha kulinganisha, na ndipo WhatsApp iliyochakachuliwa hupenya. Kwenye mifumo ya Debian na Ubuntu, apt hukagua sahihi ya orodha ya vifurushi na kulinganisha kila kifurushi na orodha hiyo, hata kikipitia hifadhi ya jirani. Kuhusu nakala kupitwa na wakati, hifadhi huiuliza seva ya asili kama kuna mabadiliko, na swali hilo ni dogo mno likilinganishwa na faili.

Vifaa vya kuendesha hifadhi kama hiyo si vya kutisha. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015, kompyuta za mtandao mmoja zinaweza kupeana vipande vya masasisho. Kwa Debian na Ubuntu ipo programu ya hifadhi iitwayo Apt-Cacher NG, na kompyuta ya kawaida yenye diski ya kutosha inaimudu. Ugumu ni kumpata wa kuitunza, kusafisha diski ikijaa na kuiwasha tena umeme ukirudi. Ningependa kazi hiyo ikabidhiwe taasisi, kama kampasi ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kuliko mwalimu mmoja anayeweza kuhamishwa muhula ujao.