Ndoano au habari? Kitabu cha OMS kinaposomwa Mudaka

Kile kitabu cha OMS chenye picha, *Faire ce qui compte en période de stress*, kimeanza tena kuzunguka kwenye simu zetu. Kilitoka 2020. Mtu anakituma, anaandika "soma, kitakusaidia", basi. Mimi nimekisoma chote hapa Mudaka, na nina neno juu yake.

Sura ya kwanza ndiyo bora. Hofu inaitwa dhoruba, na kitabu hakikudanganyi ati itaisha palepale. Kinakuambia ukanyage chini kwa nguvu, unyooshe mikono, upumue polepole, kiisha ujiulize: naona nini, nasikia nini, niko na nani? Moyo ukienda mbio, kazi ndogo kama hiyo mtu anaiweza. Tangu Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu ulipotekwa tarehe 14 na Bukavu tarehe 16, sisi tunaokaa kwenye barabara ya kati ya hizo mbili tunajua mlango ukigongwa usiku mwili unafanya nini.

Shida yangu iko sura ya pili. Wazo gumu linafananishwa na ndoano: litambue, lipe jina, urudishe akili kwenye unachofanya. Sawa kwa kijana anayewaza "mimi sifai kitu" juu diploma imekaa miaka mitatu bila kazi. Lakini mama anayewaza kwamba njia ya soko haiko salama leo, yeye amenaswa na ndoano ao amepata habari? Kwetu hofu mara nyingi ni akili timamu. Ningetaka ukurasa mmoja tu wa kutenganisha hayo mawili. Halafu sura ya tatu inataja kuondoka kama moja ya njia tatu za kukabili hali ngumu. Neno jepesi hilo! Waliovuka Ruzizi kuingia Burundi wangekuwa na mengi ya kuongeza hapo.

Linaloniuma zaidi ni namna tunavyokitumia. Mafunzo yake yalipimwa Uganda, kambi ya Rhino, kwa wanawake karibu 700 wakimbizi wa Sudani Kusini. Wale waliofundishwa hawakupewa kitabu wakaenda zao. Walikaa pamoja, watu 20 mpaka 30, vikao 5, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao. Nafuu ilikuwa kubwa mara tu baada ya vikao. Miezi 3 baadaye ilikuwa imepungua, lakini bado ipo. Sisi tumechukua faili, tukaacha kikundi.

Kwa hiyo sisi wanne tumeanza, kila Jumapili mchana, nyuma ya soko. Mmoja anasoma Kifaransa na kukigeuza Kiswahili chetu, wengine wanafanya mazoezi. Neno "valeurs" peke yake lilitukalisha karibu nusu saa, mpaka mmoja akasema: "Ni mtu wa namna gani unataka kuwa kwa watu wako." Tukaendelea.

Mwenye kupitisha siku nyingi bila usingizi, ao anayewaza kujidhuru, asingoje kikundi wala kitabu: SOSAME, pale Bukavu, ni kituo cha magonjwa ya akili, na kwenda huko si aibu.

Jumapili ijayo ni sura ya nne, ya kujihurumia. Anayekuja abebe kiti chake.