Mwendawazimu wa filamu si yule wa nyumbani

KATIKA fasihi na filamu, mwendawazimu ni mhusika wa kazi nyingi. Mara ashike kisu, mara aseme ukweli unaoogopwa na wenye akili timamu, mara afumbue fumbo lililowashinda maprofesa. Kazi asiyopewa kwa urahisi ni ile ya kuwa mgonjwa tu: mtu mwenye mama, mwenye deni dukani, mwenye dawa anazosahau kumeza. Makala ya leo inamulika pengo hilo, hasa katika usawiri wa ugonjwa wa skizofrenia.

Tuanze na neno lenyewe. Lilibuniwa na daktari Mswisi, Eugen Bleuler, mwaka wa 1908, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: moja la kupasuka, jingine la akili. Alichokusudia ni kwamba fikra, hisia na matendo ya mgonjwa huachana njia. Watengenezaji filamu wao wakasikia jambo jingine, kwamba ni watu wawili ndani ya mwili mmoja. Ndiyo maana katika Me, Myself & Irene (2000), mhusika wa Jim Carrey anatajwa kuwa na aina ya skizofrenia, ilhali kinachochekesha watazamaji ni nafsi mbili zinazopigania mwili mmoja. Hayo ni maradhi mengine kabisa, lakini kicheko kishatoka na kosa limebaki.

Kiswahili nacho kina nadharia yake. Wazimu ni neno lenye udugu na mzimu, na majinuni, tuliyempokea kutoka Kiarabu, ni mtu aliyeingiliwa na jini. Husema mtu "amepandwa" na wazimu, yaani kuna kitu cha nje kilichomkwea. Nadharia hii ina huruma yake, kwa sababu haimlaumu mgonjwa. Ila ina ubaya wake pia: kama anayesema ni aliyempanda, basi ya nini kumsikiliza mwenye mwili?

Aidha, tunahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo wahakiki wengi huyatupa katika kapu moja la "wazimu". Kuna mauzauza, yaani kuona au kusikia kisichokuwepo. Halafu kuna dhana potofu zilizokita mizizi: mtu anaamini kuwa majirani wanamfuatilia, au kwamba gazeti la asubuhi limemwandikia ujumbe wa siri, na hakuna ushahidi utakaomng'oa hapo. Mauzauza yana picha, na kwa hiyo kamera huyapenda. Dhana potofu ni hoja, tena mara nyingi hoja iliyopangika vizuri ajabu. Kasoro yake iko kwenye msingi. Kuipiga picha si kazi rahisi.

Tazama A Beautiful Mind (2001), filamu ya Ron Howard kuhusu mwanahisabati John Nash, mshindi wa tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1994. Kwa muda mrefu tunaamini, pamoja na Nash, kwamba rafiki yake wa chuoni yupo na kwamba jasusi Parcher amemtuma kazi ya serikali. Tunapogundua kuwa hawapo, kumbe nasi tulikuwa tumenaswa! Hapo filamu imefanya jambo la maana: imetuonjesha jinsi dhana potofu isivyo na alama usoni. Kwa aliye ndani yake, ni ukweli kama ukweli mwingine.

Hata hivyo, ilibidi filamu ilipe gharama. Nash halisi alisumbuliwa na sauti na dhana, si na watu wa kuonekana waliovaa kofia na suti. Tena, filamu inamwonyesha akisema anatumia dawa mpya, ilhali mwenyewe aliacha dawa mnamo 1970. Yamkini waandaaji walihofia kuwa wagonjwa wangeziacha zao. Hofu hiyo naielewa. Ninalotilia shaka ni funzo ambalo watazamaji wengi wameondoka nalo, kwamba ugonjwa huu ni jirani wa kipaji. Hapa kwetu tunasema fulani "alisoma hadi akapata wazimu", kana kwamba vitabu ndivyo vilivyomchoma ubongo. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kuwa takriban mtu mmoja kati ya 300 duniani ana skizofrenia. Wengi wao si magwiji wa hisabati. Ni makanga, wauguzi, wakulima na wanafunzi, na hawapaswi kuvumbua chochote ndipo tuwaheshimu.

Upande wa pili wa sarafu ni mwendawazimu kama adhabu. Filamu za Nigeria zilizotamba kwenye runinga zetu zilimzoesha mtazamaji mwisho wa aina hii: tajiri aliyetoa kafara anaishia sokoni, nguo zimeraruka, anaungama dhambi zake mbele ya umati. Na za Marekani, tangu Psycho ya 1960, zimemzoesha kisu. Ukweli wa utafiti ni kwamba wenye ugonjwa huu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kutendewa ukatili kuliko kuutenda. Lakini nani atakata tikiti kutazama hilo?

Fasihi yetu je? Kila aliyesoma Kidagaa Kimemwozea (2012) yake Ken Walibora anamkumbuka Matuko Weye, yule mwanajeshi wa zamani anayechukuliwa kuwa mwehu huku maneno yake yakiuchoma utawala wa Mtemi Nasaba Bora. Ni mbinu ya kale na yenye nguvu: ukweli unapitishwa kwenye kinywa kisichoadhibika. Darasani tunauliza, "Eleza umuhimu wa Matuko Weye," na mwanafunzi anajibu kuwa anaendeleza maudhui ya uongozi mbaya. Anapata alama zake. Hakuna anayeuliza vita vilimfanya nini askari huyu, au nani humpa chakula. Lawama hii si ya Walibora pekee. Sisi wasomaji tumeridhika na mwehu kama kipaza sauti.

Ebrahim Hussein alikwenda mbali zaidi katika Mashetani (1971). Kitaru anaigiza na rafikiye Juma mchezo wa Binadamu na Shetani, kisha anaanza kusumbuka akilini. Ni kweli kwamba maradhi yake ni istiara ya ukoloni na tabaka, na wahakiki wameshalisema hilo hadi likachakaa. Ila tamthilia hiyo inajua pia kuwa ugonjwa huingia nyumbani, na kwamba wazazi hubaki wakijiuliza kama huyu ni wa daktari au wa mganga. Swali hilo si istiara. Linaulizwa usiku huu huu katika nyumba nyingi kutoka Kwale hadi Busia.

Kwangu mimi, kazi iliyoufikia ugonjwa kutoka ndani ni A Question of Power (1973) ya Bessie Head, aliyezaliwa Afrika Kusini akahamia Botswana, na ambaye aliwahi kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mhusika wake Elizabeth anateswa na Sello na Dan, na riwaya haituambii kila mara ni wapi mauzauza yanakoma. Msomaji huchoka, naye Head hamhurumii. Lakini wakati huo huo Elizabeth analea mwanawe, analima bustani ya kijiji na ana marafiki. Ugonjwa haujammeza wote. Hilo ndilo kamera na kalamu nyingi hushindwa kulionyesha: kwamba mtu mmoja anaweza kuandamwa na sauti usiku, na asubuhi akatoka kumwagilia mboga.

Mtu atasema fasihi si zahanati, na mwandishi ana uhuru wa kutumia istiara. Nakubali. Ila ugonjwa huu huanza mara nyingi mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini, yaani umri ule ule wa wanaosoma vitabu teule na wanaokesha na filamu. Kijana anayeanza kusikia sauti atajitafuta katika hadithi alizonazo. Akikuta muuaji, aliyelaaniwa na gwiji peke yao, atanyamaza. Na kadiri anavyonyamaza ndivyo matibabu yanavyochelewa. Walimu, tukirudi darasani, basi tuongeze swali moja baada ya lile la umuhimu wa mhusika: huyu mtu anaumwa nini, na nani yuko naye?