Mti Wenye Kuishi na Feza ya Ngambo: juu ya kitabu cha Wangari Maathai

Kuna kitabu kisichosomwa sana katika seminari zetu, nami nazani tunapata hasara. Ni kile ambamo Mama Wangari Maathai wa Kenya anasimulia maisha yake. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2006, jina lake Unbowed. Mwaka 2007 kikatoka kwa Kifransa, jina lake Celle qui plante les arbres. Mwandishi anajulikana: alipanda miti pamoja na wanawake wa vijiji, akapewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipokea. Wengine wanakisoma kwa ajili ya miti, wengine kwa ajili ya siasa. Mimi nilikisoma kwa ajili ya feza.

Nitasema sababu yake, ingawa si ya kunisifu. Nilipokuwa padri msaidizi katika parokia yangu ya kwanza, huku kwetu Katanga, shirika moja la ngambo lilitangaza kwamba litasaidia vijiji vitakavyopanda miti na kufundisha vijana kulinda pori. Kwetu pori linakwisha kwa makala. Kila siku baiskeli zinapita na viloba kwenda mjini. Basi niliandika barua ya kuomba, na niliiandika vizuri, maana seminari ilinifundisha kuandika. Feza ikaja. Mwezi wa kwanza, wakati wa mvula, tulipanda miche elfu mbili, tukaimba, tukapigwa picha. Nikatuma raporti: miche elfu mbili imepandwa. Wafazili wakashukuru.

Mwezi wa kumi, kabla mvula haijarudi, nilipita pale pamoja na katekista wa kijiji. Moto wa pori ulikwisha kupita, na mbuzi vilevile. Tulihesabu miche iliyo mizima: haikufika arobaini. Katekista akaniambia kwa heshima: « Padri, watu walizani miti ile ni ya wale waliotoa feza. » Katika raporti yangu hapakuwa neno moja la uongo, lakini raporti nzima ilikuwa uongo. Nilifungua kitabu hiki nikiwa na zamiri hiyo.

I. Mwandishi na malezi yake

Wangari alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, upande wa Nyeri. Masista ndio waliomlea katika masomo: Masista wa Consolata kule Mathari, Masista wa Loreto kule Limuru, na tangu mwaka 1960 Masista wa Mtakatifu Benedikto kule Atchison, katika jimbo la Kansas la Marekani. Alikuwa memba wa Lejio ya Maria. Anawataja masista hao kwa upendo, na msomaji anaona wazi kwamba moyo wake wa kutumikia wengine ulikomaa mikononi mwao.

Lakini mwandishi huyuyu anatushitaki. Anasimulia habari za mti mmoja, mugumo, karibu na kwao. Mama yake alimkataza kuokota kuni pale, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti ule palitoka kijito, naye akicheza na mayai ya vyura majini. Aliporudi kutoka Marekani akakuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Hapo anaeleza kama mtu wa elimu: mizizi ya mugumo inashuka sana, inashika udongo, inafungulia maji njia ya kutokea. Wazee hawakujua elimu hiyo, lakini katazo lao lililinda maji. Wamisionari walipofundisha kwamba Mungu hakai mlimani bali mbinguni, watu wakaelewa kwamba basi mti ni kuni tu.

Tusilikimbie shitaka hili. Fundisho lilikuwa la kweli, maana mti hauabudiwi. Lakini tuliondoa woga bila kuweka heshima pahali pake. Mwaka 2015, katika barua yake Laudato Si', Papa Fransisko alifundisha kwamba mateso ya maskini na mateso ya inchi ni shida moja, si shida mbili. Wangari alikuwa akiiona shida hiyo moja kwa macho yake miaka makumi mbele, pale ambapo mama wa kijiji anatembea mbali kutafuta kuni, na watoto wake wanakula vibaya kwa kukosa kuni za kupikia. Tukubali basi kwamba katika jambo hili mkristu mlei alitutangulia sisi mapadri.

II. Feza inakuja nyuma

Sura zilizonigusa zaidi ni zile zinazosimulia mwanzo wa kazi, kwa sababu mwandishi hafichi hasara zake. Kwanza alianzisha kampuni ndogo ya miche ili kuwapa maskini kazi. Ilikufa kwa kukosa maji na feza. Tarehe 5 ya mwezi wa sita, mwaka 1977, pamoja na Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, alipanda miti saba pale Kamukunji, Nairobi, kwa ukumbusho wa mashujaa saba. Mingi kati ya miti hiyo ilikufa. Akawaendea wakubwa wa idara ya misitu kuomba miche. Walicheka, wakampa bure. Na wanawake walipochukua miche mingi kuliko ilivyozaniwa, wakaambiwa walipe. Mabwana-misitu wakasema tena kwamba kupanda miti kunahitaji watu wenye diploma. Basi wanawake wakaokota mbegu za kwao wenyewe, wakazipanda katika vyungu vilivyovunjika na makopo ya zamani, wakajifunza kwa kutazama.

Tuangalie mfulizo wa mambo. Kwanza watu, tena shida yao, kisha namna ya kazi waliyoipata kwa kukosa na kujaribu tena. Feza nyingi haikuja ila nyuma ya hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1980: msaada wa Mfuko wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wanawake, na urafiki wa Shirika la Misitu la Norvege. Mwaka 1982 Wangari alikwisha kupoteza kazi yake ya universite, kwa kuwa alitaka kusimama katika uchaguzi wa bunge. Shirika lile lilimkuta hana mshahara, lakini kazi yenyewe ilikwisha kuwa na mizizi.

Na feza hiyo aliitumia ginsi gani? Hapo ndipo moyo wa kitabu, kwa maoni yangu. Kikundi cha wanawake kilipewa malipo madogo sana kwa kila mti, kama senti 4 za Marekani. Nayo hayakutolewa siku ya kupanda. Yalitolewa baada ya miezi, kwa mti unaoishi tu. Wanawake wenyewe walihesabu, kisha mtu wa chama akaja kuhakikisha.

Niliposoma hayo nilikumbuka picha zetu na nyimbo zetu. Wafazili wangu walilipa kupanda. Yeye alilipa kuishi. Kupanda mche ni kazi ya asubuhi moja. Kuuishisha ni kazi ya mwaka: kuumwagilia maji, kuuzungushia miba, kufyeka majani ili moto usipite, kwenda jioni kuongea kwa upole na mwenye mbuzi. Kazi hiyo ya pili haipigwi picha, na hakuna mgeni anayekuja kuitazama. Senti 4 ziliwekwa juu ya kazi hiyo. Kwa njia hiyo miti ilipita milioni 30 hata mwaka wa zawadi ya Nobel.

Pamoja na miche kulikuwa na mafundisho. Watu walikusanywa na kuombwa kutaja shida zao zote, nao walizitaja kwa wingi, wakisema serikali ndiyo yenye kosa. Kisha waliulizwa mfano wa msafiri aliyepanda basi isiyo yake: ni nani aliyemwingiza humo? Je, aliogopa kuuliza? Mafundisho hayo yaliitwa kwimenya, maana yake kwa Kikuyu ni kujijua. Makatekista watatambua hapa kitu wanachokifahamu: kupima zamiri, kuungama fungu lako, kisha kuazimia kugeuka.

Na mtu aliyejijua haishii kwenye mche wake. Anauliza ni nani anayeuza pori la watu wote. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga nyumba ya orofa 60 ndani ya Uhuru Park, pahali pa kupumzikia watu wa Nairobi wasio na bustani. Wangari alipinga kwa barua, na nyumba ile haikujengwa. Lakini chama chake kilifukuzwa katika ofisi za serikali, kikahamia ndani ya nyumba yake. Miaka kumi baadaye alipigania msitu wa Karura, akajeruhiwa kichwani. Padri anayeomba msaada kwa ajili ya « miti tu », kusudi asigombane na mtu, ajue mbele kwamba mti ukitunzwa kwa kweli utamfikisha kwenye haki. Mfazili naye ajue hivyo.

III. Pahali kitabu kinapopungua

Kitabu hiki si bila kosa. Kwanza, wanawake wa vijiji wanasema kidogo sana humo. Tunawaona kwa mbali wakibeba miche, lakini sauti ni ya mwandishi peke yake. Ningependa kumsikia mama mmoja aliyepokea senti zile akieleza mwenyewe kwa nini alichoka ao kwa nini hakuchoka.

Pili, swali la malipo halikuchimbwa mpaka chini. Senti 4 ni shukrani ao ni mshahara? Kama ni mshahara, siku mfazili akirudi kwao kazi itasimama. Kama ni shukrani, kazi inaweza kuendelea. Mwandishi anajua tofauti hiyo, maana anasema feza ilikuwa kidogo. Lakini anapita haraka, nasi tunabaki na swali.

Tatu, hadisi inaishia pale ambapo habari zetu sisi Wakongo zinaanza. Mwaka 2005 wakubwa wa serikali za Afrika ya Kati, wakikutana Brazzaville, walimfanya Wangari balozi wa msitu wa bonde la Kongo. Mwaka 2008 ulifunguliwa Mfuko wa Misitu ya Bonde la Kongo kwa feza ya Uingereza na Norvege, ukawekwa katika Banki ya Maendeleo ya Afrika. Yeye na Paul Martin wa Kanada waliuongoza. Banki ina desturi za banki: karatasi, sahihi, miezi ya kungoja. Kikundi cha mama kumi wenye vyungu vilivyovunjika hakina mwandishi wa karatasi hizo. Wangari alikufa tarehe 25 ya mwezi wa tisa, mwaka 2011, na mfuko ule haupo tena. Simtupii kosa. Lakini ningetoa sura tatu za kitabu hiki ili kupata moja ambamo angetueleza ginsi ya kupitisha hesabu ya mti wenye kuishi katika mlango wa banki.

IV. Sisi

Mtu atasema: kazi ya padri ni sakramenti, hesabu za miche ziachiwe wengine. Ningekubali, kama kijiji hakingeniletea barua niandike. Nao wataleta zaidi. Tangu mwaka 2018 sheria mpya ya madini inalazimisha kila kampuni inayochimba kutoa walau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wa pale, na watu hao wana wajumbe wao katika baraza linalosimamia feza hiyo. Feza ya namna hiyo si sadaka. Imetoka katika udongo wao, na maji yaliyoharibika ni yao. Katika baraza hilo mara nyingi atakaa katekista, kwa sababu anajua kusoma na watu wanamwamini.

Kwa ajili yake nimetoa katika kitabu mashauri matatu. Feza isitangulie watu: kikundi kianze na kidogo kilicho nacho, hata kama ni vyungu tu. Malipo yafuate kile kinachoishi: si kisima kilichochimbwa bali kisima kinachotoa maji mwaka wa pili, si shule iliyofunguliwa bali watoto waliomo bado. Tena hesabu isomwe mbele ya kijiji kizima kabla ya kutumwa ngambo, maana mfazili hawezi kujua habari za mbuzi, lakini kijiji kinajua.

Mwaka uliofuata tulipanda tena, miche mia moja, bila msaada wa mtu, kila jamaa miche yake karibu na nyumba. Mwezi wa kumi katekista alihesabu sabini na mmoja, nami niliisoma hesabu hiyo siku ya Bwana baada ya Misa. Mama mmoja alisimama akasema ni sabini, kwa kuwa mmoja wa kwake ulikauka juma lile. Tukaandika sabini.