Kutoka Shukrani hadi Kinyongo: Maana ya "Resentment" na Athari Zake katika Uhakiki

Utangulizi

Wanafunzi wetu wa uzamili wanapokutana na neno la Kiingereza "resentment" katika maandishi ya karne ya 18, aghalabu hulifasiri kuwa kinyongo. Matumizi ya leo yanawaunga mkono, lakini fasiri hiyo huyapotosha maandishi ya kale. Makala haya yananuia kufuatilia mabadiliko ya neno hili na kuonyesha athari zake katika uhakiki. Tunadai kwamba maana yake ilipobadilika, mzigo wa kujieleza nao ulihama kutoka kwa aliyedhulumu hadi kwa aliyedhulumiwa.

Usuli wa Neno

Neno hili liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa mnamo karne ya 17. Kitenzi cha Kifaransa "ressentir" kina mzizi wake katika kitenzi cha Kilatini "sentire", yaani kuhisi. Hapo awali, basi, "resentment" iliweza kuwa hisia nzito juu ya jambo alilotendewa mtu, liwe jema au baya. Mwandishi wa wakati huo aliweza hata kulitumia kumshukuru mfadhili wake. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, angali anaitanguliza maana hiyo pana kabla ya ile ya uchungu wa kutendewa ubaya. Hata hivyo, anapofafanua kitenzi chake, anabainisha kwamba maana ya ubaya ndiyo iliyokwisha kuenea. Upande wa shukrani ulififia, ukabaki upande wa madhara.

Uchungu wa Haki

Ikumbukwe kwamba kufinyika kwa maana si sawa na kuchafuka kwake. Joseph Butler, katika mahubiri aliyoyachapisha mwaka 1726, alitenganisha hasira ya ghafla na ile inayotulia moyoni baada ya mtu kutafakari. Ya kwanza huweza kuamshwa na madhara yoyote. Ya pili huamshwa na dhuluma, yaani madhara yaliyotendwa kwa makosa ya mtu. Kwa maoni yake, mwanadamu amepewa hisia hii ili dhuluma izuiwe na kurekebishwa. Kosa liko katika kuipitisha mipaka. Adam Smith naye, katika kitabu chake cha mwaka 1759 kuhusu hisia za kimaadili, aliiweka sambamba na shukrani: shukrani hutusukuma kulipa wema, nayo "resentment" hutusukuma kuadhibu ubaya. Kwake yeye, hisia hii ni ngao ya haki, mradi iwe katika kiwango ambacho mtazamaji asiyependelea upande wowote angeweza kuafikiana nacho. Kwa wote wawili, swali la kwanza ni hili: je, dhuluma imetendeka?

Sumu ya Mnyonge

Swali hilo lilibadilika mwaka 1887, Friedrich Nietzsche alipochapisha kitabu chake kuhusu nasaba ya maadili. Akiandika Kijerumani, aliliazima neno la Kifaransa "ressentiment" kuitaja sumu ya mnyonge ambaye, kwa kushindwa kulipiza kisasi kwa vitendo, hujilipizia katika fikra na kuugeuza unyonge wake kuwa wema. Max Scheler aliiendeleza dhana hiyo kuanzia mwaka 1912. Wafasiri wengi wa Kiingereza waliliacha neno hilo katika umbo lake la Kifaransa, lakini kivuli chake kimeliangukia pacha lake la Kiingereza. Sasa anayechunguzwa ni mlalamikaji: ana ugonjwa gani moyoni hata alalamike?

Athari katika Uhakiki

Harold Bloom, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu fasihi kuu ya Magharibi, aliwakusanya wahakiki wa kike wa mrengo wa ukombozi, wafuasi wa Marx na wengineo chini ya jina moja: shule ya "resentment". Jina hilo linatuhusu. Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza mwaka 1968 kwamba Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, walitoa hoja kuhusu nini kiwe kitovu cha masomo ya fasihi katika Afrika. Hoja hiyo yaweza kukubaliwa au kupingwa. Kuiita kinyongo ni kuikwepa.

Ametangulia kulionyesha hili Jean Améry, aliyenusurika Auschwitz. Katika insha yake ya mwaka 1966 alilikubali jina hilohilo la Nietzsche na kulitetea: kukataa kwake kusahau kulikuwa ndiko msimamo wa kimaadili, kwa kuwa wakati peke yake haufuti uovu.

Hitimisho

Kiswahili kinatupa nyenzo ambayo Kiingereza cha leo kimeipoteza kwa kiasi kikubwa. Tukisema mtu ana kinyongo, tumekwisha kumlaumu. Tukisema ana uchungu, bado tunawajibika kuuliza ameumizwa na nini. Ndiyo maana twaweza kumsifu mtu kwa kuwa na uchungu na nchi yake. Yafaa basi mfasiri wa Butler na Smith atumie "uchungu wa kudhulumiwa", na kinyongo awaachie Nietzsche na Bloom. Mhakiki naye, kabla ya kulipachika mojawapo ya maneno hayo kwenye kazi ya fasihi, sharti kwanza aichunguze dhuluma inayosimuliwa humo.