Ushahidi wa Ujiji na Haki ya Msemaji

Mwanafunzi aandikaye juu ya Ujiji hana uhaba wa vitabu. Shida yake ni wingi wa sauti, na kosa lake kubwa ni kuzikusanya zote chini ya jina moja. Aghalabu huandika "Livingstone, 1874", akadhani kazi imekwisha.

Huyo Livingstone wa 1874 ni nani? Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo. Shajara zake za mwisho zilihaririwa na Horace Waller, zikapigwa chapa London mwaka uliofuata. Na habari za siku zake za mwisho zilipatikana kwa Chuma na Susi, watumishi wake. Basi anukuuye habari za kifo hicho kwa jina la Livingstone amemfanya maiti shahidi wa mauti yake mwenyewe, na amewanyima watu wawili wa Afrika haki ya maneno yao.

Chini ya kitabu hicho mna tabaka nyingine. Mauaji ya sokoni Nyangwe, 15 Julai 1871, Livingstone aliyaandika kwanza juu ya karatasi kuukuu za gazeti, kwa wino wa mimea, kisha akayanakili katika shajara kubwa. Maandishi yale ya kwanza yalififia, mpaka yalipopigwa picha kwa mianga mbalimbali na kutangazwa mwaka 2011. Yakaonekana hayalingani kila mahali na nakala, khasa juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake. Atajaye kitabu peke yake hakudanganya, lakini hajui amesimama juu ya tabaka ipi.

Mkutano wa Ujiji nao una tarehe zaidi ya moja. Kitabu cha Stanley cha 1872 chasema 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone yauweka mwishoni mwa Oktoba. Ashikaye tarehe moja bila kumtaja mwenyewe amekata shauri kabla ya kusikiliza.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. W. H. Whiteley aliyatoa miaka ya 1958 na 1959, matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili aichukuaye tafsiri hiyo na kuifasiri upya amemvua mtu kanzu yake na kumvika ya kuazima.

Na mapokeo ya mdomo? "Wazee wa Ujiji wasema" si rejeo. Lazima ijulikane ni mzee yupi, ikiwa ameridhia kutajwa. Alisema wapi, lini, kwa Kiha au Kiswahili, naye alisikia kwa nani. Hata jiwe la ukumbusho la Ujiji hushuhudia kwanza fikira za waliolisimamisha, ndipo mambo ya 1871.

Kurejea vyema, basi, si adabu ya mabano na nukta tu. Ni kumpa kila msemaji kauli yake, ili msomaji ajue amwamini nani, na kwa kadiri gani.