Istilahi "Kuzidisha Saa"

Mafundi wa kompyuta huweza kuiendesha kumbukumbu ya mashine kwa kasi ipitayo kipimo cha mtengenezaji. Mwenye kutafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza atapata "kuzidisha saa", nami naona haifai. Saa hiyo haisomwi na mtu. Ni mapigo tu. Kumbukumbu ya DDR5 ya kipimo cha 3600 hupiga mara milioni 1,800 kwa sekunde, na kila pigo hupitisha data mara mbili. Yafaa kusema "kuharakisha mapigo", usemi ambao mpiga ngoma ya lizombe hapa Songea ataufahamu pasipo kufunzwa.

Tena waeleza hata udhia wake. Prosesa za Ryzen 7000 za mwaka 2022 zilidhaminiwa kwa kasi ya 5200 zikiwa na vipande viwili vya kumbukumbu, bali kwa vinne 3600 tu: wapigaji wakizidi, kwenda sawa huwa taabu.

"Kumbukumbu" lenyewe laniudhi zaidi. Hapa Songea kila Februari huadhimishwa kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, hiyo haifutiki. Ya kompyuta hutoweka umeme ukatikapo, jambo tulilolijua sana kabla ya gridi ya taifa kutufikia mwaka 2018. Ningaliiita "ubao", kwa mfano wa ule wa chuoni, uandikwao kisha ukaoshwa. Lakini neno limekwisha kuzoeleka. Hilo la "saa" halijaota mizizi bado, na ling'olewe.